Watawa wa Ndani: Kweli, Uongo na Chumvi

Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilifurika siku walipoonyesha The Nun, ile filamu ya mwaka 2018 yenye pepo aliyevaa vazi la kitawa. Mfasiri alipiga kelele kuliko pepo mwenyewe. Tulipotoka, kijana mmoja aliyekuwa amekaa benchi la mbele alinisogelea akauliza kwa sauti ya chini: “Mzee, hivi wale masista wasiotoka nje, ni kweli kazi yao kumlinda shetani asitoroke?”

Nilicheka. Usiku nikaona swali lile si la kuchekwa, maana nimewahi kusikia kwa watu wazima, tena waliosoma, maneno yasiyopishana sana na hayo. Ukuta mrefu una tabia hiyo: usipoona kilicho nyuma yake, unajitungia. Basi nimeyakusanya yale yanayosemwa sana kuhusu watawa wa ndani nikayapima moja moja. Naanza na filamu yenyewe, maana ndiyo iliyoleta maneno.

“Ile abasia ya kwenye filamu ipo kweli Romania.”

Kweli, ila robo tu. Cârța, jina linalotajwa kwenye filamu, ni kijiji halisi katika eneo la Transylvania, na magofu ya abasia yapo hadi leo. Lakini haikuwa ya masista hata siku moja. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 13 na wamonaki wanaume wa shirika la Wasistersiani, nayo ikafungwa mwaka 1474 kwa amri ya mfalme Matthias Corvinus. Sehemu iliyosalia ni kanisa la Walutheri. Filamu inasema mambo yale yalitokea 1952, wakati serikali ya kikomunisti ya Romania ilikuwa imekwisha kuvunja mashirika ya kitawa ya Kikatoliki tangu 1949. Mwaka 1952 mtawa wa Romania aliyekuwa na hofu alikuwa na sababu za kutosha za kuogopa, na shetani hakuwamo kwenye orodha. Alikuwa anaogopa askari.

“Sista ni sista, wote wanaishi ndani.”

Uongo, na hapa lugha yetu ina kisa chake. Kutawa, kwa Kiswahili cha pwani, ni kukaa ndani usionekane hadharani. Mwanamke mtawa alikuwa yule asiyetoka ovyo. Wakristo wakalichukua neno hilo kuwaitia masista. Lakini wale tunaowajua wengi wetu, anayepima presha zahanati, anayefundisha hesabu, anayepita kwenye bodaboda shela likipepea, hawatawi kwa maana hiyo ya kale. Wao ni wa mashirika ya kitume, na kazi yao iko nje. Wanaotawa kwelikweli ni wachache: Wakarmeli, Waklara, baadhi ya Wabenediktini na wengineo, wanaoishi maisha ya taamuli ndani ya ugo wa monasteri. Ukiwachukua watawa wanawake wote Wakatoliki duniani, hawa hawafiki hata mmoja kati ya kumi.

“Wamefungiwa.”

Hili lina kweli na uongo wake, nalo linataka subira.

Mwaka 1298 Papa Bonifasi wa Nane alitoa amri kwamba watawa wanawake wote wakae ndani ya ugo. Wengi hawakuitii. Mtaguso wa Trento ukairudia mwaka 1563, safari hii kwa ukali, na kumtenga na Kanisa yeyote anayeingia bila ruhusa. Kwa hiyo ndiyo, ugo uliwekwa na wanaume waliokaa mbali, na wapo wanawake walioukuta ukuta umepandishwa juu yao bila kuulizwa.

Lakini muulize Teresa wa Ávila, mtawa Mkarmeli wa Hispania. Alipoingia monasteri ya Encarnación mwaka 1535, mle ndani mlikuwa kama stendi ya mabasi. Watawa walikuwa karibu mia mbili. Waliotoka familia tajiri walikuwa na vyumba vyao, wakiishi na ndugu na watumishi, na wakiitwa kwa vyeo vya nyumbani kwao. Waliotoka familia fukara walilala bweni. Wageni waliingia kupiga soga mchana kutwa, na mtawa aliweza kwenda kukaa kwa jamaa zake miezi kadhaa, hasa chakula kilipopungua. Teresa alichoka. Tarehe 24 Agosti 1562 akafungua nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu akiwa na wanovisi wanne, yenye mlango uliofungwa na dirisha la nondo. Humo hakuna binti wa bwana fulani: wote dada, wote wanafagia. Kwake yeye ukuta ulikuwa wa kuwazuia wakubwa wa mji wasiingie kupanga nani akae mbele na nani nyuma.

Cha kuchekesha ni kwamba huyo huyo aliyeupenda ukuta alizunguka Hispania kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, yaliyofunikwa turubai ili ugo usafiri nao, akafungua nyumba 17 kabla hajafa mwaka 1582. Balozi wa Papa alimwita mwanamke asiyetulia, mzururaji. Mwaka 1970 Kanisa likamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Balozi huyo leo anakumbukwa zaidi kwa tusi hilo.

“Ni wale walioachwa na wachumba, au waliopelekwa kwa nguvu.”

La wachumba ni uongo wa kijiweni. Mtu aliyekimbilia monasteri kwa hasira za mapenzi hafiki mbali. Kwa hati ya Cor Orans ya mwaka 2018, malezi ya awali hayapungui miaka tisa kabla ya nadhiri za daima: kuna muda wa kuangaliana, kisha upostulanti, kisha unovisi wa miaka miwili, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitano. Miaka tisa ni mingi. Hasira gani ya mapenzi hudumu miaka tisa? Na wakati wote huo mlango wa kutokea uko wazi, na jumuiya nayo ina haki ya kumwambia binti, mwanangu, hapa si pako.

La kupelekwa kwa nguvu ni kweli. Ni kweli ya zamani, na ni ya kutisha kuliko filamu.

Twende Venice ya karne ya 17. Kule mahari haikutoka kwa mume kama kwetu. Ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, na kati ya makabaila ilipanda hadi baba mwenye mabinti wanne aliweza kumwoza mmoja tu bila kufilisika. Wale watatu? Monasteri nayo ilidai mahari, ila ndogo zaidi. Hesabu ikajifanya yenyewe. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mabinti wa makabaila wa Venice waliishia monasteri. Hatuwezi kuamini kwamba Mungu aliita nusu ya mabinti wa tabaka moja, katika mji mmoja, kwa karne moja, akawaacha mabinti wa wavuvi.

Mmoja wao alikuwa Elena Cassandra Tarabotti, aliyezaliwa mwaka 1604. Alikuwa na ulemavu wa mguu, alioupata kwa baba yake. Baba akamwona haolewi, akamtia monasteri ya Mtakatifu Anna akiwa kigori, naye akapewa jina la Arcangela. Wito hakuwa nao. Alichofanya ni kujisomea mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, akaandika. Kitabu chake kikubwa alikipa jina la udhalimu wa kina baba, na humo anawashtaki wazazi wanaomtolea Mungu mabinti wasiowataka huku wakibakisha wazuri kwa ajili ya soko la ndoa. Anaishtaki na serikali ya Venice kwa kufumba macho. Kilichapishwa mwaka 1654, yeye akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma, tena chini ya jina jingine lililopunguzwa makali. Kanisa likakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Naomba msomaji ashike jambo hili moja. Mtaguso ule ule wa Trento uliopandisha ukuta uliagiza pia kwamba binti asiweke nadhiri kabla ya miaka 16, kwamba askofu amhoji faraghani kama anapenda mwenyewe, na kwamba anayemlazimisha mwanamke kuingia utawani alaaniwe. Sheria ilikuwepo. Kina baba waliikanyaga, na maaskofu, ambao wengi walikuwa kaka na wajomba wa kina baba hao, wakauliza swali kwa namna ya kupata jibu moja. Tumezoea kuuliza watawa wanaficha nini ndani. Tarabotti alikuwa akionyesha kidole nje, sebuleni kwa wakubwa, ambako hesabu ya mahari ilipigwa.

“Aliyekosa hujengewa ukuta akiwa hai.”

Kisa kimoja kina ushahidi wa mahakama. Marianna de Leyva, binti wa mtawala wa Monza karibu na Milano, alifiwa na mama akiwa mchanga. Baba yake akaupangia urithi wa mama matumizi mengine, na binti akaingizwa monasteri bado mdogo. Jirani wa ukuta, kijana kabaila aitwaye Gian Paolo Osio, akaanzisha naye mapenzi. Akazaliwa mtoto. Sista mmoja mtumishi alipotishia kusema, Osio akamuua. Mwaka 1608 mahakama ya Kanisa ikamhukumu Marianna afungiwe kwenye chumba kidogo ambacho mlango wake ulizibwa kwa matofali, likaachwa tundu la chakula. Alitolewa mwaka 1622. Miaka kumi na minne! Alitoka hai, akaishi kama mtubu mle mle hadi 1650. Alessandro Manzoni alimtia katika riwaya yake mashuhuri, na tangu hapo watu wakadhani kila monasteri ina chumba kama hicho.

Wengine huchanganya adhabu hiyo na wakaapweke wa Zama za Kati, kama Julian wa Norwich kule Uingereza, ambao waliomba wenyewe kufungiwa katika chumba kilichoegemea kanisa, chenye dirisha la kusikilizia Misa na jingine la kuongea na watu wa mji waliokuja kuomba ushauri. Mwongozo mmoja wa wakaapweke uliwaruhusu kufuga paka, basi. Hilo halikuwa jela.

“Kuna mahandaki, na watoto wamezikwa humo.”

Uongo mtupu, na uongo huu uliteketeza nyumba.

Usiku wa tarehe 11 Agosti 1834, huko Charlestown karibu na Boston, kundi la watu lilivamia monasteri ya Waursulini likaichoma. Uvumi ulikuwa kwamba sista mmoja anashikiliwa mle bila hiari. Kilichokuwepo ni shule ya wasichana, na wengi wao walikuwa watoto wa Waprotestanti wenye nafasi zao, waliotolewa vitandani na kukimbizwa gizani. Wavamizi walifungua hata makaburi wakitafuta siri. Kati ya walioshtakiwa, aliyetiwa hatiani ni kijana mmoja wa miaka 16, naye akasamehewa.

Moto ule haukumfunza mtu. Mwaka 1836 kikatoka New York kitabu cha Maria Monk, aliyedai kuwa alitoroka monasteri ya Hôtel-Dieu ya Montréal: mapadre wanapita chini kwa chini, watoto wanabatizwa, wananyongwa, wanatupwa kwenye shimo la chokaa. Kikauzwa kama maandazi. Mhariri wa gazeti William Leete Stone, Mprotestanti tena asiyewapenda Wakatoliki, akafunga safari hadi Montréal. Alipita chumba hadi chumba kitabu kikiwa mkononi, akifungua stoo, akigonga kuta, akilinganisha maelezo na milango. Havikufanana hata kimoja. Akaandika wazi kwamba mwanamke yule hakuwahi kukanyaga mle ndani. Mama mzazi wa Maria naye alikwisha kueleza kuwa mwanawe aliumia kichwani utotoni, na nyumba aliyokuwa amelazwa ilikuwa ya kuwatunza wanawake waliopotoka. Kitabu kikaendelea kuuzwa, wachapishaji wakagombania faida mahakamani, na Maria Monk akafa fukara New York mwaka 1849.

“Wameweka nadhiri ya kutosema.”

Uongo. Nadhiri ni ufukara, usafi wa moyo na utii. Baadhi ya wanaoishi ndani ya ugo huahidi pia kutotoka. Kimya kipo, hasa baada ya sala ya mwisho wa siku hadi asubuhi, lakini ni kanuni ya nyumba, kama ile ya maktaba. Teresa aliweka kila siku muda wa maongezi ya pamoja, watu wakiwa na shughuli mikononi. Wakarmeli hawajauacha, na vicheko vya saa hizo husikika hadi upande wa pili wa ukuta.

“Hawafanyi kazi, wanakula sadaka.”

Uongo, na mkanusho uko kwenye kila Misa. Hostia zile nyeupe hutengenezwa na monasteri katika nchi nyingi. Ni unga wa ngano na maji. Sheria ya Kanisa hairuhusu kingine. Uji mwepesi humiminwa kati ya bamba mbili za chuma zenye moto zilizochongwa misalaba, na kinachotoka ni karatasi kubwa, kavu kama kaukau. Ukiikata pale pale inasagika. Lazima kwanza iwekwe mahali penye unyevu ilegee kidogo, isilowane, ndipo ipite kwenye kikatio. Sista mwenye mkono wa kazi hiyo huigusa tu akajua bado au tayari. Yanayobaki pembeni huchambuliwa, na watoto wa jirani wanaijua siku ya kuyafuata.

Wengine hushona mavazi ya Misa, hutengeneza mishumaa, hulima. Hispania wapo wanaoishi kwa kuuza biskuti na vitamu vya lozi. Mnunuzi hamwoni muuzaji: anasalimia, anaweka fedha kwenye kabati la mbao lililochomekwa ukutani, kabati linazungushwa, fedha inaingia, boksi linatoka. Ukidhani chenji itapotea, haipotei.

“Hawajui kinachoendelea duniani.”

Uongo wenye mifano mingi hadi naona taabu kuchagua. Hildegard wa Bingen, karne ya 12, alitunga muziki unaorekodiwa hadi leo. Plautilla Nelli, mtawa wa Firenze katika karne ya 16, alichora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa takriban mita saba, na mwaka 2019 ikaonyeshwa hadharani baada ya kukarabatiwa. Sor Juana Inés de la Cruz wa Mexico aliandika mwaka 1691 utetezi wa haki ya mwanamke kusoma. Na ni mtawa wa Kiklara wa Marekani, Mama Angelica, aliyeanzisha mwaka 1981 kituo cha televisheni cha EWTN kwenye gereji ya monasteri yake huko Alabama.

Lakini ninayempenda ni Maria Celeste. Alikuwa binti wa Galileo, aliyezaliwa nje ya ndoa, kwa hiyo baba akaona hataolewa vizuri, akamtia kwa Waklara wa Arcetri mwaka 1613 pamoja na mdogo wake (hesabu ile ile ya sebuleni, hata kwa mwanasayansi). Barua zake 124 kwa baba zimesalia. Anamtumia matunda aliyoyakausha kwa sukari, anamtengenezea kola za mashati, anamwomba arekebishe saa ya monasteri isiyokwenda. Anatunza famasi ya nyumba. Galileo alipohukumiwa mwaka 1633 na kuamriwa asali zaburi za toba kila wiki, binti aliomba kuibeba adhabu hiyo yeye. Alikufa mwaka uliofuata akiwa na miaka 33. Barua za baba kwa binti hazikuonekana tena.

“Akishaingia ameshakufa kwa ndugu zake.”

Chumvi. Ndugu huja kumwona katika sebule ya wageni kwa ratiba ya nyumba. Hospitali huenda akiugua. Anayetaka kutoka kabisa baada ya nadhiri za daima huomba kufunguliwa na mamlaka ya Kanisa, na hufunguliwa.

“Mgeni hakaribishwi.”

Uongo, na hili ndilo ningemwambia yule kijana wa kibandani. Ndani ya ugo hutaingia, lakini kanisa la monasteri lina upande wa watu wa nje, na Misa na Masifu ni vya kila anayefika. Ukiwa na jambo unalotaka liombewe, liandike kwenye karatasi. Dini yako hawatakuuliza. Ukibeba kilo mbili za sukari hutakuwa umekosea. Usisukume mlango. Kuna kengele pembeni: igonge mara moja, usubiri, maana anayekuja kuitika huenda ni bibi wa miaka themanini na anatoka jikoni.